Usifute Kwanza: Mwongozo wa Kuisikiliza Sauti Yako

Tangu WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, kazi iliyokuwa ya watangazaji imetufikia sote. Mweka hazina wa kikoba anakumbusha marejesho kwa sauti. Mwalimu anawaeleza wazazi kazi ya nyumbani. Mama anayeuza vitenge anataja rangi na bei, shekhe anatuma darasa fupi la baada ya Alfajiri, mchungaji anatuma neno la asubuhi, na kijana aliyepata nafasi katika redio jamii ya wilayani anasoma matangazo ya vifo na ya mnada wa ng'ombe. Mtangazaji wa zamani alikuwa na mkuu wa vipindi aliyemkalisha chini na kumrudishia mkanda mpaka akajizoea. Sisi wengine tumekabidhiwa simu tu.

Ndiyo maana wengi hufanya jambo lilelile: wanarekodi, wanajisikiliza, wanakunja uso, wanafuta. Wanarekodi tena, wanafuta tena, na mwisho wanachapa kwa vidole maneno ambayo wangeyasema kwa nusu dakika. Nimewaona watu wenye akili na heshima zao wakikataa kusoma risala, kuongoza kikao au kuhojiwa redioni kwa sababu hiyo moja: "Sauti yangu mbaya." Mwongozo huu ni wao. Niseme mapema ninachoamini. Sauti uliyoisikia kwenye rekodi haina ubaya unaoudhania, na dawa yake ni kuisikiliza vya kutosha mpaka uweze kutenga sauti yenyewe na namna unavyoitumia. Ya kwanza umezaliwa nayo na haihitaji kurekebishwa. Ya pili inarekebishika, tena ndani ya wiki chache.

Kwa nini inasikika ngeni

Fanya majaribio mawili kabla ya kusoma maelezo. Simama hatua mbili kutoka ukutani. Chukua madaftari mawili ya jalada gumu, uyabane wima kwenye mashavu, moja kila upande, mbele kidogo ya masikio, yakitokeza pembeni. Hesabu kwa sauti ya kawaida kuanzia moja hadi kumi, na ukifika tano yaondoe bila kunyamaza. Madaftari yakiwapo, sauti ya mdomoni haipati njia ya mkato ya kufika sikioni. Inakwenda ukutani kwanza ndipo irudi. Utakayoisikia kati ya moja na tano inakaribia ile ya kwenye rekodi. Sasa weka madaftari chini, ziba masikio kwa vidole, utaje jina lako. Sauti inakuwa nzito, ya ndani, imekijaza kichwa kizima.

Unapozungumza, sauti yako inakufikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni hewa: inatoka mdomoni, inazunguka shavu, inaingia sikioni. Ya pili ni mwili wako: nyuzi za sauti zinapotikisika kooni, mtikisiko hupanda kwenye taya na fuvu hadi sikio la ndani bila kupita hewani. Georg von Békésy, mwanasayansi mzaliwa wa Budapest aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kazi yake juu ya sikio, alikuwa amechapisha mwaka 1949 vipimo vilivyoonyesha kwamba njia hizi mbili zinachangia kwa nguvu zinazokaribiana. Na mwili hupitisha zaidi sauti za chini kuliko za juu. Aliyewahi kulala jirani na nyumba yenye harusi analijua hilo: ukuta unairuhusu besi iingie mpaka kitandani, lakini maneno ya mwimbaji yanabaki nje. Fuvu lako limekutendea vivyo hivyo maisha yako yote. Linakuongezea besi ambayo hakuna mwingine anayeipata.

Simu haina fuvu. Inapokea kilichopita hewani tu, na hicho ndicho ambacho mwenzi wako, watoto wako na muuza duka wa pale kona wamekuwa wakikisikia siku zote. Hawakushtuka siku ulipotuma ujumbe wako wa kwanza, kwa kuwa kwao hakuna kilichobadilika. Aliyekutana na kitu kipya ni wewe peke yako.

Jaribio la vidole masikioni lina historia ndefu. Katika hadithi za Kiislamu zilizopokewa, muadhini Bilal aliadhini vidole vikiwa masikioni, na hata leo utamwona muadhini au mwimbaji akiegesha kiganja sikioni anapopandisha sauti. Inamsaidia ajisikie katikati ya kelele na ajue sauti yake imefika wapi. Nawe ukiwa jukwaani, spika zimeelekezwa kwa hadhira na wewe mwenyewe hujisikii, ziba sikio moja. Utajipata palepale.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Misuli midogo ya sikio la kati hujikaza muda mfupi kabla hujatamka, na ubongo, kwa kuwa ndio ulioagiza maneno, hupunguza mwitikio wake kwa sauti inayotoka. Ukikaa kimya ukasikiliza rekodi, hakuna kati ya hayo linalotokea. Unajisikiliza kwa sikio lilelile unalompa mgeni aliyebisha hodi.

Aibu inatoka wapi

Ingekuwa ni besi peke yake, tungeshangaa kidogo na kuendelea na kazi. Mbona basi tunaona aibu? Mwaka 1966 watafiti wawili wa Marekani, Philip Holzman na Clyde Rousey, walieleza kwamba mtu akisikia rekodi yake hashtushwi na tofauti ya mlio tu. Anashtushwa pia na mambo ambayo sauti imeyatoa nje bila ruhusa yake: wasiwasi, huzuni, hasira, kusitasita. Unapozungumza, akili iko kwenye maana. Unapojisikiliza, maana unaijua tayari, kwa hiyo sikio linabaki na vyote vilivyoizunguka.

Mwaka uliofuata walirudi na mtafiti mwenzao wakawapima wazungumzaji wa Kihispania waliojifunza Kiingereza baada ya umri wa miaka 16. Watu hao waliguswa zaidi na rekodi zao za Kihispania, lugha ya utotoni, kuliko za Kiingereza. Wengi wetu tumekulia katika lugha mbili au tatu, kwa hiyo jaribio hili tunaweza kulifanya nyumbani. Jirekodi dakika moja kwa Kiswahili cha kikaoni, kisha dakika moja kwa lugha uliyoongea na bibi yako, iwe Kisukuma, Kihaya, Kidigo, Kikamba, au Kiswahili chenyewe cha Pemba au cha Lamu. Sikiliza ni wapi moyo unaruka.

Nimekuja kuamini kwamba mara nyingi anayesema haipendi sauti yake anaikimbia lafudhi yake: ile "r" inayoteleza ikawa "l", ule mvuto wa kwao uliochekwa darasani. Kicheko hicho kimewanyamazisha watu wengi waliokuwa na jambo la maana la kusema, na kinaniudhi. Lafudhi ya kwenu haizuii kueleweka. Kinachozuia ni kumeza maneno, na wamezaji wa maneno wapo mwambao na wapo bara.

Utafiti wa tatu ndio ninaowasimulia zaidi watu. Mwaka 2013 Susan Hughes na Marissa Harrison, nao wa Marekani, waliwapa watu rekodi za sauti mbalimbali wazipime kwa uzuri, na humo ndani wakachomeka rekodi za wapimaji wenyewe bila kuwaambia. Watu hao wakazipa sauti zao alama za juu kuliko alama ambazo sauti hizohizo zilipata kwa wengine. Sikio, lisipoambiwa ni sauti ya nani, liliipenda. Ukishalijua hilo, ile hukumu ya "mbaya" unayoitoa sekunde tatu baada ya kubonyeza kitufe haistahili kuaminiwa. Inatoka kwenye mshtuko, na mshtuko hupita.

Chumba na mkono kabla ya sauti

Rekodi nayo usiipe mamlaka isiyo nayo. Kwa miaka mingi simu za kawaida zilipitisha sauti iliyo kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Nyuzi za sauti za mwanamume mzima hutikisika takribani mara 100 hadi 150 kwa sekunde, na za mwanamke karibu mara 200; kwa hiyo mtikisiko wa msingi wa sauti zote mbili ulibaki nje ya waya, na ubongo wa msikilizaji ndio uliojazia. Ujumbe wa sauti wa leo una nafasi kubwa zaidi, lakini simu bado inachuja kelele, inapandisha palipofifia, inashusha palipozidi, kisha inakuchezea yote hayo kwa kispika kisicho na besi. Kabla ya kuilaumu sauti, kagua chumba ulichorekodia na namna ulivyoishika simu.

Sebule yenye marumaru chini, kuta tupu na makochi machache inarudisha sauti kutoka kila upande, na msikilizaji anakuona uko mbali, hata kama maneno yako ni ya upole. Chumba cha kulala ndicho studio ya bure: godoro, mito, mapazia, nguo zilizoning'inia, vyote hivyo vinakunywa mwangwi. Funga dirisha, zima feni, fungua kabati la nguo na uzungumze ukilielekea. Mvua ikipiga mabati, ahirisha.

Shika simu umbali wa shibiri moja, pembeni kidogo ya mdomo. Ukiiweka mbele kabisa ya midomo, pumzi ya "p" na "b" inaipiga maikrofoni na kutoa mpasuko. Tamka "papai bovu" simu ikiwa mbele, kisha ikiwa pembeni, usikie tofauti. Tafuta tundu la maikrofoni. Kwenye simu nyingi liko ukingo wa chini, na ni rahisi kuliziba kwa kidole bila kujua. Unayefanya kazi redioni, kumbuka kwamba maikrofoni zinazopokea sauti kutoka upande mmoja huongeza besi kadiri unavyozisogelea. Uzito unaousikia kwa mtangazaji fulani na kuutamani huenda nusu yake ni kwamba amekaa karibu.

Kelele nazo hukubadilisha bila kukuaga. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti pasipo kukusudia. Ukirekodi ndani ya daladala au kando ya jenereta hutajisikia unapayuka, ila atakayekusikiliza ofisini kwake, palipo kimya, atajiuliza amekukosea nini. Subiri ushuke.

Na ukiwa kwenye simu maneno yako yakawa yanakurudia kwa kuchelewa, usijilaumu ukigugumia. Tangu mwaka 1950 inajulikana kwamba kujisikia kwa kuchelewa, hata kwa sehemu moja ya tano ya sekunde tu, kunatosha kuufunga ulimi wa msemaji hodari. Mara nyingi mwangwi huo unatoka upande wa mwenzio: spika yake inaingia kwenye maikrofoni yake. Mwombe aipunguze au avae spika za masikioni.

Namna ya kujisikiliza

Rekodi dakika mbili. Usisome popote. Mweleze mtu mmoja unayemfahamu jambo unalolijua vizuri: unavyopika pilau, njia ya kufika kwenu kutoka stendi, upatu wenu unavyozunguka. Mtaje mtu huyo mwanzoni na umsalimu kama unavyomsalimu siku zote, maana salamu ikikaa sawa na sauti nayo hukaa sawa. Kusoma kunaleta sauti nyingine, ile ya darasani tuliyofundishwa tulipokuwa tukisimama kusoma aya, na hiyo haitakueleza chochote kuhusu unavyozungumza.

Kisha usiisikilize siku hiyo. Hili ndilo sharti gumu kuliko yote na ndilo lenye faida kubwa. Papo hapo bado unakumbuka ulichokusudia kusema, na sikio litakaa linapima pengo kati ya nia na kilichotoka. Kesho yake nia imeshafifia, unaanza kusikia kilichopo.

Mara ya kwanza isikilize mpaka mwisho, bila kalamu, bila kusimamisha, mikono ikiwa na kazi: chambua mchele, piga pasi, menya viazi. Aibu itapanda sekunde za mwanzo, halafu itashuka yenyewe. Uache mwili uizoee. Watangazaji unaowasikia wakizungumza kwa raha hawakujaliwa wote sauti wanazozipenda. Wamejisikia mara nyingi mno mpaka sauti zao zimeacha kuwa habari kwao.

Mara ya pili kaa mezani na karatasi iliyopigwa mstari katikati. Kushoto andika lawama zote zinazohusu sauti yenyewe: nyembamba, nzito, ya mkwaruzo, ya puani, ya kitoto. Kulia andika kila linalohusu matumizi, na uandike na sekunde: sekunde ya 9, nimevuta pumzi katikati ya jina la mtu; sekunde ya 14, kiasi cha mchango hakisikiki; sekunde ya 30, nimerudia jambo la mwanzo; kuanzia sekunde ya 40 nimeshika mbio. Usiridhike na neno la jumla la "sijapenda". Likikujia, sikiliza tena kipande kile mpaka ujue ni la kushoto au la kulia. Mara nyingi utakuta jambo uliloliandika kushoto lilikuwa la kulia. Sauti unayoiita ya kitoto imetokana na kumalizia kila sentensi juu, kwa namna ya kuuliza. Unayoiita nyembamba imekosa pumzi tu.

Kilichobaki kushoto baada ya hapo ni chako cha kuzaliwa. Kimo cha sauti kinatokana na urefu na unene wa nyuzi za sauti, na rangi yake inatokana na umbo la koo, kinywa na pua. Ndiyo alama inayomfanya mama yako akujue ukisema "haloo" tu kwa namba ngeni. Kichane kipande hicho cha karatasi ukitupe, ubaki na cha kulia.

Mara ya tatu sikiliza kwa kasi ya moja na nusu. Tangu mwaka 2021 WhatsApp inamruhusu msikilizaji kuharakisha ujumbe, na wenye makundi mengi hufanya hivyo kila siku. Maneno yako yakibaki mazima kwa kasi hiyo, matamshi yako hayana tatizo, hata ujione mwenyewe vipi. Yakigandana, umejua pa kuanzia.

Kinachorekebishika

Ningeanza na miisho ya maneno, kwa sababu Kiswahili kinatutega hapo. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sentensi ya kawaida hushuka inapokaribia kituo. Mambo hayo mawili yakikutana, silabi ya mwisho ya neno la mwisho hufifia, na maana nyingi imekaa hapohapo. "Wateja walipe" na "wateja walipo" zinatenganishwa na irabu moja ya mwisho. Majina ya watu na kiasi cha fedha huwa mwishoni pia, na kwenye ujumbe wa michango hayo ndiyo hasa watu wanayoyatafuta. Chukua orodha ya wanakikundi au ya wanafunzi uisome kwa sauti, kila jina ulifikishe mpaka irabu yake ya mwisho bila kuivuta na bila kuipigia kelele. Siri ni kubakiza pumzi: sentensi iishe kabla ya hewa kuisha.

Pumzi yenyewe haihitaji mafunzo ya kigeni. Mwenye hofu huvuta hewa fupi ya juu kifuani, mabega yakapanda, na sauti ikakaza. Simama, au kaa wima bila kuegemea, toa hewa yote kwanza, halafu uiache iingie yenyewe mpaka tumbo litoke. Ukiwa na maandishi, piga mkwaju kila utakapovuta pumzi, na uuheshimu mkwaju huo hata ukiona aibu ya kunyamaza. Kimya unachokiona kirefu wewe, msikilizaji anakitumia kushika ulichosema. Baada ya kila namba hesabu moja moyoni: "Shilingi elfu hamsini." Moja. "Kabla ya tarehe ishirini." Moja. Haraka itapungua bila kuipigania.

"Yaani", "sawa", "kwa hiyo", "eeh": usizifukuze zote, ndizo zinazofanya maongezi yawe maongezi. Zinachosha zinapofungua kila sentensi. Chagua moja tu ya kuishughulikia kwa wiki nzima, na mahali pake weka kimya.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: usiazime sauti. Vijana wakianza redio hushusha koo ili wapate uzito wa mtangazaji waliyekua wakimsikia, na mabinti huambiwa na wakubwa wao wapunguze wembamba. Koo lililoshushwa kwa nguvu huchoka mapema, hupoteza mapigo ya maneno, na haliwezi kucheka wala kusikitika kwa kuaminika. Mtangazaji akipokea simu ya msikilizaji aliyefiwa, uzito wa kuigiza humponyoka mbele ya watu wote. Santuri alizorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad kuanzia mwaka 1928 kule Bombay ziliingia katika nyumba za watu wengi ambao hawakuwahi kumwona. Walichopata ni sauti tu, na wakamjua kwa hiyo. Ukitaka joto kwenye sauti, mfikirie mtu unayezungumza naye na ufungue uso. Tabasamu linasikika.

Koo likidai haki yake

Sauti hubadilika na umri, na kuisikia imebadilika kunaweza kuuma. Ya mvulana huvunjika anapobalehe, na hapo wakubwa wamsitiri, wasimwigize mbele ya wageni. Ya mwanamke mara nyingi huwa nzito kidogo baada ya kukoma hedhi, na ya mwanamume mzee huelekea kupanda. Hayo ni ya kawaida.

Walimu wapo katika hatari zaidi ya kuumia sauti kuliko watu wa kazi nyingi nyingine, na anayefundisha darasa lililojaa analijua hilo kila Ijumaa jioni. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima. Piga makofi au gonga ubao kuita utulivu badala ya kupaaza sauti. Acha mazoea ya kukohoakohoa kusafisha koo, kwa sababu kila mara unazigonganisha nyuzi za sauti. Meza mate au kunywa funda la maji. Mafua yakikukausha sauti, nyamaza kadiri unavyoweza, na matangazo wasome wengine. Sauti ikikwaruza kwa wiki tatu bila kupona, na hasa ikiwa unavuta sigara, una uvimbe shingoni, unameza kwa shida au umekohoa damu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Asali na tangawizi zinatuliza koo, lakini haziwezi kuona kilicho kwenye nyuzi za sauti.

Muulize anayekusikia

Ukishafika kwenye rekodi ya tatu au ya nne, mpe mtu mmoja aisikilize. Chagua anayekutakia mema na asiyeogopa kukuambia ukweli. Mara nyingi ni dada mkubwa, shangazi, au mwanakikundi mzee ambaye watu wote humpa simu awasomee ujumbe. Usimuulize, "Sauti yangu ikoje?" Swali hilo litakuletea sifa za kukuridhisha au mzaha, na vyote viwili havikupi la kufanyia kazi. Mwombe akueleze kwa maneno yake umesema nini: nani alipe, kiasi gani, lini, kwa nani. Alipopatia, hapaguswi. Kisha muulize ni wapi alitamani kurudisha nyuma asikie tena. Mwache aichukue simu, airudishe mwenyewe, akuonyeshe sekunde ile kwa kidole. Iandike upande wa kulia wa karatasi, na rekodi yako ya wiki ijayo ifanyie kazi sekunde hiyo peke yake.